Picha nazo zije Ruiru

Wasomaji wangu, juzi nilikuwa napanga picha kwenye kompyuta yangu. Zimepita elfu kumi. Nikajiuliza: ni ngapi nimewahi kuzitazama kwa dakika nzima? Hata ishirini hazifiki.

Nikakumbuka Picha Mtaani. Mwaka 2009, mpiga picha za habari Boniface Mwangi aliweka barabarani, jijini Nairobi, picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Baadaye maonyesho hayo yakazungushwa katika miji mingine. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Nyingi ya picha zile nilikuwa nimeshaziona kwenye intaneti, nikabofya nikaendelea. Pale barabarani sikuweza. Kando yangu alisimama mama mwenye mfuko wa mboga, kimya, na mimi nikaona haya kuondoka kabla yake.

Sisi waandishi wa programu tumeunda skrini ili mtu aendelee kusogeza tu. Picha iliyochapishwa haina kitufe cha "inayofuata".

Wapo waliosema picha zile zinatonesha vidonda. Siwapuuzi. Aliyefiwa akipita kwenda kupanda matatu hakuulizwa kama yuko tayari kuziona. Kwa hiyo picha za aina hiyo ziwe nyuma ya pazia, na tangazo nje, mtu aingie kwa hiari. Lakini kuzificha kabisa, hapana. Kuna vijana wanaopiga kura leo ambao wakati ule walikuwa bado watoto wadogo.

Sasa shida yangu. Sisi wa Thika na Ruiru tukitaka maonyesho, mara nyingi twapanda matatu hadi Nairobi, kwenye Makumbusho ya Taifa au Nairobi Gallery. Barabara ya Thika iliyopanuliwa ilifunguliwa rasmi mwaka 2012, na inatupeleka jijini upesi. Mbona picha zisipande gari la kurudi?

Si lazima tungoje serikali. Ukumbi wa kanisa, kamba, vibanio vya nguo na picha ishirini zatosha. Tuanze na za kwetu: mashamba ya kahawa ya Ruiru kabla hayajawa ploti na maghorofa, na wafanyakazi wa viwanda vya Thika. Simu huhifadhi saa na tarehe ya picha, lakini haijui jina la babu aliyesimama kwenye mibuni. Hilo tuliandike nyuma, kwa kalamu, wanaomjua wakiwa bado hai.

Mimi nitaleta tano. Nyinyi mwaonaje?