Ziwa Rutundu: Fedha Haziko Kwenye Vitanda

Wafanyabiashara wa samaki wamezoea kuhesabu kwa kilo. Sangara wa Ziwa Victoria, omena wa gunia, hata kamba wa pwani, wote bei zao hutajwa kwa uzito, na mwenye mizani ndiye mwenye soko. Huko juu ya Mlima Kenya, hata hivyo, yuko samaki ambaye mteja humlipia fedha nyingi, akamshika mkononi kwa muda mfupi, kisha akamwachilia arudi majini. Ni trauti wa upinde, yule mwenye utepe wa rangi ya waridi ubavuni. Biashara yake inafaa kutazamwa na wawekezaji wadogo, ila si kwa jicho lile wanalotazamia hoteli za Mombasa.

Ziwa linalotajwa zaidi ni Rutundu, upande wa kaskazini mashariki wa mlima, kiasi cha mita 3,100 juu ya usawa wa bahari. Juu yake liko Ziwa Alice, ambalo ni gumu zaidi kufikika. Rutundu lilivuma dunia nzima mwaka 2010, pale Mwana Mfalme William wa Uingereza alipomposa Catherine Middleton huko mwezi Oktoba, na habari ikatangazwa mwezi uliofuata. Mahali pakishapata jina namna hiyo, wazo la kwanza la mwenye fedha huwa ni lile lile: barabara nzuri, jengo kubwa, vitanda vingi. Wazo hilo ni la hasara.

Mvuvi wa burudani anayetoka Nairobi, Edinburgh au Denver hapandi mlima kufuata kitanda. Anafuata maji baridi yasiyo na kelele, na uhakika kwamba asubuhi hiyo hakuna mwingine atakayerusha mshipi karibu naye. Njia mbovu ya kupitia pande za Timau, ambayo mvua za Machi hadi Mei huifanya tope tupu, kwake yeye ni sehemu ya bidhaa. Wakifika watu arobaini kwa siku moja, kila mmoja wao atakuwa amenunua kitu ambacho hakipo tena. Ni sawa na kampuni inayotoa hisa mpya kila wiki: waliotangulia hujikuta wameshika karatasi.

Halafu kuna suala la mtaji wenyewe, yaani samaki. Trauti si mwenyeji wa Kenya. Wale wa rangi ya kahawia waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na Ewart Grogan, wakatiwa katika mto Gura kule Aberdare, na wale wa upinde, ambao asili yao ni pande za Bahari ya Pasifiki, wakafuata miaka michache baadaye kupitia Afrika Kusini. Samaki huyu hutaga mayai kwenye changarawe safi ambako maji yanatiririka. Ziwa lisilo na kijito cha namna hiyo haliwezi kujijaza lenyewe. Lazima vifaranga vitoke kwenye kituo kama kile cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kilichoanzishwa mwaka 1948, visafirishwe katika maji yenye baridi na hewa ya kutosha, vifikishwe juu vikiwa hai. Mtu asiyelipia kazi hiyo huku akiendelea kupeleka wageni anakula mtaji na kuuita gawio.

Wala si kwamba vifaranga vikizidi ndiyo heri. Maji ya mlimani ni safi kwa sababu hayana rutuba nyingi, hivyo chakula cha samaki ni kidogo. Ukipandikiza wengi mno unapata samaki wembamba wenye vichwa vikubwa, na mvuvi aliyelipa nauli ya ndege hatarudi kwa ajili ya hao. Watunza mazingira nao wana hoja ya haki: trauti ni mlaji wa wadudu na vyura, na kumtia katika ziwa ambalo halijapata kuwa naye ni kuharibu kisichorudishika. Kwa hiyo idadi ya maziwa haiongezeki, idadi ya samaki ina mpaka, na idadi ya wavuvi kwa siku ina mpaka. Ni mwekezaji gani makini atatia fedha za akiba yake kwenye vitanda vya mahali ambapo kila kitu kina mpaka?

Kisicho na mpaka ni kile kinachofungwa kwenye ncha ya mshipi. Trauti wa michezo havuliwi kwa mnyoo. Huvuliwa kwa nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi na manyoya ya jogoo mpaka ifanane na mdudu anayeelea au anayezama. Nzi huyo hana uzito wowote. Mshipi ndio mzito, na ndio unaombeba akatua juu ya maji bila kushtua samaki. Kila mvuvi huwa na visanduku vyake vilivyojaa nzi wa mitindo mbalimbali, na kila siku hupoteza wachache kwenye majani na kwenye midomo ya samaki. Ni bidhaa inayokwisha. Mfanyabiashara anaelewa maana yake.

Wengi wa wanaomsifu Rutundu hawajui kwamba Kenya imekuwa ikifunga nzi hawa na kuwauza Ulaya na Marekani kwa miongo mingi, kwa dazeni, na kwamba Waingereza kadhaa wanaojivuna kuvua trauti nyumbani kwao wanatumia kazi ya vidole vya Wakenya. Vifaa ni jiliwa dogo la kubana ndoana mezani, mkasi mkali, uzi, nta na manyoya. Ndoana nzuri ndizo zinazoagizwa nje, na hapo ndipo mtaji unapohitajika. Mengine ni macho na subira: nzi wa dazeni moja lazima wawe sawa kama mapacha, la sivyo mnunuzi anarudisha mzigo.

Udhaifu wa biashara hii ni kwamba mfungaji hulipwa kidogo kwa dazeni, na sehemu kubwa ya bei hubaki kwa mwenye duka ng'ambo. Ushindani wa Thailand, Sri Lanka na China nao si wa mchezo. Lakini mwaka 2020 ulitoa funzo. Watalii walikoma kuja, na vitanda vya milimani vikalala vitupu sawa na vya ufukweni. Mwaka huo huo idadi ya Wamarekani waliokwenda kuvua kwenye mito na maziwa yao iliongezeka, maana ilikuwa burudani ya kukaa mbali na watu. Nani kati ya mwenye kitanda na mwenye nzi alikuwa bado na mtu wa kumuuzia?

Vikundi vya akiba vya Nanyuki, Timau na Chogoria vinavyotafuta pa kuweka fedha vingefanya vyema kuanzia hapo: kununua ndoana kwa jumla, kuwafunga mkataba wafungaji wenye mkono thabiti, na kutafuta mnunuzi wa moja kwa moja badala ya dalali. Ziwa liwe tangazo lao. Mgeni aliyevua Rutundu kwa nzi aliyefungwa Nanyuki atapenda kuagiza dazeni nyingine akifika kwao.

Upande wa ziwa, waongozaji na wapagazi wapo tayari na wanaijua njia. Kinachokosekana ni utaratibu wa wazi kwamba sehemu ya ada ya kibali cha kuvua inarudi kununua vifaranga na kulipa walinzi, kwa kuwa mtu mmoja mwenye wavu anaweza kumaliza kwa usiku machache kilichokuzwa kwa miaka. Yeyote anayekaribishwa kuchangia mradi wa utalii katika maziwa hayo na aombe kwanza kuonyeshwa hesabu mbili: vifaranga vingapi vilipandikizwa mwaka uliopita, na nani alivilipia.