Sindano Nyembamba Si Kupunjwa

Jumapili moja hapa Vaughan, kaskazini kidogo ya Toronto, tulikusanyika kwa jamaa yetu kula pilau. Shemeji, mama mwenye nyumba, ana uvimbe shingoni, na wiki ile daktari alikuwa amemchoma sindano nyembamba kama ya chanjo, akafyonza kidogo, akamwambia aende akasubiri majibu. Basi baraza zima likawaka. "Wamekupunja, shemeji! Kwa nini hawakukata kinyama wakapima? Ungekuwa Mzungu wangekata."

Mimi si daktari. Lakini jambo hili nimelisoma na kuliulizia sana, na nathubutu kusema kwamba safari hii ubaguzi tuliusingizia bure.

Uvimbe wa tezi ya thairoidi ni jambo la kawaida mno, hasa kwa kina mama, na walio wengi hawana saratani. Kati ya kila uvimbe 100 unaopimwa, wenye saratani ni kama 5 hadi 15. Kazi ya kwanza ya daktari ni kuchuja, ili hao wengine wasipasuliwe bure. Sindano nyembamba, ikiongozwa na altrasaundi, hufyonza chembechembe; mtaalamu huzitazama kwa darubini na kuzipanga katika moja ya mafungu sita, utaratibu uliotokana na mkutano wa Bethesda, Marekani, mwaka 2007. Saratani inayotokea zaidi kwenye tezi hii hutambulika kwa sura ya viini vya chembe zake, kwa hiyo tone linatosha.

Sindano nene, ile inayotoa kinyama, ina mahali pake: pale nyembamba imerudi bila chembe za kutosha, au uvimbe unakua kwa kasi na inashukiwa limfoma. Lakini kinyama kikubwa si jibu kubwa. Upo uvimbe ambao sindano zote mbili hushindwa kuuamua, kwa sababu saratani yake hujulikana tu kwa kupenya ganda la uvimbe au kuingia mishipa ya damu. Hapo hukatwa nusu ya tezi, ganda likachunguzwa. Hili wazee wa pilau hatukulijua.

Kinachoniuma hasa ni nyumbani. Mbeya, Iringa na Rukwa wanalijua rovu tangu zamani, kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto kwa sheria katika miaka ya 1990. Leo simu inapigwa: "Kaka, tuma hela, mama anapasuliwa." Ukiuliza kama amepimwa kwa sindano, kimya. Au alipimwa, na majibu yana wiki nyingi hayajatoka. Mtu akiondolewa tezi yote atameza vidonge vya homoni kila siku mpaka kufa, na mkono wa mpasuaji ukiteleza anaweza kupoteza sauti, maana mshipa wa fahamu wa sauti unapita nyuma ya tezi hapo hapo. Kijijini vidonge hivyo atavipata wapi, na kwa hela ya nani?

Sindano haikosekani hata wilayani. Linalokosekana ni jicho la kusoma alichokitoa daktari, nalo halinunuliwi kwa harambee ya mashine tunazopenda kupigia picha. Kusomesha mtu darubini hakuna utepe wa kukata, ndiyo maana hatuchangii.

Majibu ya shemeji yalitoka: fungu la pili, si saratani, arudi kwa altrasaundi mwakani. Mumewe bado anasema wangekata.