SHAMBA NA NYUMBA: Uza Bustani, Usiuze Kisima



Mji unapokua, kazi mpya huzaliwa kando yake. Mji wa Singida umekua, nao wenye nyumba mpya, wenye hoteli na wenye ofisi wanataka miti ya kivuli, maua, na majani mabichi mbele ya mlango. Basi wako vijana wa vijijini walioona hapo njia ya riziki. Huotesha miche, huiuza kando ya barabara, na mara nyingine huitwa kupanga mawe, kuchimba mashimo na kupanda ukoka. Ni kazi njema, haina aibu, tena haihitaji mtaji mkubwa. Leo nasema na ninyi mnaoifanya, hasa ninyi wa Mwankoko. Na wazazi wasikilize pia, maana ndio wenye mashamba.

Kwa nini Mwankoko? Kwa sababu ya maji. Mgeni akifika mjini Singida huona maziwa mawili, Singidani na Kindai, akadhani watu wa hapa hawana shida. Hajui kwamba maji yale ni ya chumvi. Ukimwagia mche, mche unakufa. Maji matamu hutoka chini ya ardhi, na sehemu ya maji ya mji hupigwa kwa pampu kutoka visima virefu vilivyochimbwa Mwankoko. Kwa hiyo kijana wa Mwankoko anapopanda ukoka mbele ya nyumba ya tajiri mjini, huenda ukoka ule utakunywa maji yaliyotoka chini ya shamba la baba yake.

Je, utakunywa kiasi gani? Tufanye hesabu, si ngumu. Chukua uwanja wa majani wenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Wakati wa kiangazi, kwa jua letu na upepo wetu, kila mita moja ya mraba yataka kama lita 5 kwa siku ili majani yabaki mabichi. Jumla ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20 kila siku. Kiangazi chetu ni kirefu. Tuhesabu siku 200 tu. Ni madumu 10,000! Nyumba ya kijijini inayotumia madumu matano kwa siku ingeyatumia maji hayo kwa miaka zaidi ya mitano. Na majani yale hayaliwi na mbuzi wala na mtu. Ni ya kutazamwa tu.

Najua jibu lenu: "Mimi nauza anachotaka mnunuzi. Nisipompandia ukoka, atampata mwingine." Ni kweli kwamba mnunuzi ana haki ya kuchagua. Lakini yeye hajui mimea; wewe ndiwe fundi. Mtu akienda kwa seremala kutaka mlango wa mti laini unaoliwa na mchwa, seremala mwaminifu humwambia neno kabla ya kushika msumeno. Tena fikiri faida yako mwenyewe. Maji ya bomba hulipiwa. Mwenye nyumba akiona hati ya kwanza ya malipo, kisha ya pili, atafunga bomba, bustani itakauka, na wapitao watauliza, "Nani aliitengeneza hii?" Watatajiwa jina lako.

Kazi hii ya kutunza bustani za watu imemshinda hata mtu mashuhuri. Wengi wenu mmesikia habari za mama Wangari Maathai wa Kenya, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004 kwa kazi yake ya miti. Lakini si wengi wajuao kwamba alianza na biashara. Katika miaka ya 1970, mumewe alipotafuta kura za ubunge huko Lang'ata, Nairobi, aliwaahidi watu kazi. Ili ahadi isiwe maneno matupu, mama huyu alianzisha shirika dogo lililoitwa Envirocare. Nia yake ilikuwa kuwapa maskini kazi ya kupanda miti na kutunza bustani za matajiri. Biashara ile haikusimama. Fedha zilikuwa chache, na maskini hawezi kufanya kazi leo akangoja mshahara mwisho wa mwezi, huku hana hata nauli ya basi.

Hata hivyo mama hakuitupa mbegu. Tarehe 5 Juni 1977, pamoja na Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, alipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Kutoka hapo ilikua kazi ile iliyoenea Kenya nzima. Wanawake wa vijijini waliotesha miche wenyewe, nao walilipwa senti chache kwa kila mche ulioshika. Angalia neno hilo: ulioshika. Hawakulipwa kwa mche uliochomekwa ardhini tu.

Hapo ndipo naona somo la biashara yenu. Patana na mnunuzi hivi: sehemu ya fedha siku ya kupanda, ili upate chakula na nauli, na sehemu iliyobaki kiangazi cha kwanza kikiisha, kwa hesabu ya miti iliyo hai. Mnunuzi atakuamini, nawe utakuwa na sababu ya kupanda kitu kinachoweza kuishi.

Basi, kiishicho ni nini? Mwarobaini huishi, mkwaju huishi, na migunga ya kwetu huishi, hata ikidharauliwa kwa miiba yake. Mlonge huota upesi na majani yake huliwa. Penye maua, weka mshubiri na mimea mingine yenye majani manene, kisha jaza mawe katikati. Singida hatuna njaa ya mawe, na jiwe halinywi maji. Anayetaka ukoka kabisa, mpandie kipande kidogo karibu na baraza, mahali watoto watakapocheza. Mkaratusi usimpandie mtu karibu na kisima, maana ni mti wenye kiu kubwa.

Tena jihadharini na mti mgeni usiojulikana tabia, hata ukisifiwa namna gani. Huko Baringo, Kenya, katika miaka ya 1980 ulipandwa mti wa kutoka Amerika ili kuzuia jangwa. Wenyeji waliuita mathenge. Ulisitawi mno, ukaingia malishoni na mashambani, na wafugaji wakalalamika kwamba maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi.

Juu ya kumwagilia, ziko njia za wazee zisizotaka mashine. Chukua mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uzike karibu na mche mpaka shingoni, ujaze maji na kuufunika. Maji hupenya polepole na kwenda kwenye mizizi, wala jua haliyanyang'anyi. Penye mteremko, jenga tuta lenye umbo la mwezi mchanga chini ya mti, ncha zake zielekee juu, ili mvua iteremkayo isimame hapo. Na mwambie mwenye nyumba aweke mfereji kwenye bati lake. Bati la mita 8 kwa 6, kwa mvua ya milimita 600, hupokea zaidi ya lita 28,000 kwa mwaka. Hata zikipotea nyingine njiani, tangi lake litajaa mara kadhaa kabla mvua hazijaisha.

Sasa neno juu ya takataka, na hapa najua nitagombana na akina mama. Tumezoea kufagia ua mpaka udongo ung'ae, kisha kuchoma majani. Mama hufagia kwa sababu ya nyoka, na sababu hiyo ni ya haki. Basi pafagiwe karibu na nyumba. Lakini mbele zaidi, chini ya miti, majani yaachwe yafunike udongo, yaongezwe na mabua ya mtama na makapi ya alizeti, ambayo kwetu hayanunuliwi ghali. Mchwa watakuja, ni kweli. Acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina, wapate mabua na kuusahau mti.

Msidhani ni jambo dogo. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, kiwanda cha saruji kiliacha mashimo makubwa ya mawe matupu. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja Mswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikapona tatu tu, na mvinje ukawa mmoja wao. Lakini majani ya mvinje yalilundikana chini bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Kisha akaona jongoo akiyala. Akaagiza majongoo yaletwe kwa wingi, nayo yakala majani, kinyesi chake kikawa udongo mweusi. Leo pale pana msitu na wanyama, na watu hulipa kiingilio kupatazama. Bila majani yale yaliyoachwa chini, jongoo asingepata la kula.

Kwa kitalu chenu, mbolea ya kuku ipo. Kuku wa Singida wanajulikana nchi nzima. Ioze kwanza, isije ikaunguza miche. Msichimbe udongo wa kitalu kwenye kingo za kijito. Wala msiweke kitalu ukingoni kabisa kwa kutaka wepesi wa maji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Jambo moja zaidi. Mnunuzi hupenda mche mnene, wa kijani sana, uliolelewa kivulini kwa maji mengi. Mche huo ni kama mtoto asiyewahi kutoka nyumbani. Majuma manne kabla ya kuuza, ondoa kivuli kidogo kidogo, na punguza maji. Utaonekana mwembamba kidogo, lakini mweleze mnunuzi kwa nini.

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba. Kwa hiyo anayetaka kuuza miche wakati huo apande mbegu mwezi wa Juni au Julai. Mbegu za mgunga zina ganda gumu: chemsha maji, yatoe motoni, zimwagie, ziache zilale humo mpaka asubuhi. Zilizovimba zipandwe siku hiyo hiyo. Zisizovimba zirudie tena. Juma lijalo tutazungumza juu ya kutengeneza viriba vya miche kwa majani ya mgomba.