Fumbo la Wapenzi Mezani pa Karani

Kwa miaka mingi kanuni za uhamiaji za Uingereza ziliwataka wapenzi wasiooana, mmoja raia na mwenziwe mgeni, wathibitishe kwanza kwamba wamekwisha kuishi pamoja kwa muda usiopungua miaka miwili, ndipo mgeni afikiriwe viza ya kuja kukaa na mwenziwe. Waishi wapi? Viza ya matembezi ya huko kwa kawaida haizidi miezi sita, na ya utalii ya Tanzania haizidi siku 90. Seremala wa Mji Mkongwe na mpenzi wake, mwalimu wa Leeds, waliambiwa walete ushahidi wa kuishi pamoja ili waruhusiwe kuishi pamoja. Ni kama kumzuia mtu asisogelee pwani, kisha kumdai athibitishe kuwa ajua kuogelea.

Tanzania Bara nako miaka miwili imo sheriani, lakini kwa nia nyingine kabisa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, hata wakajulikana kwa watu kuwa ni mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitike vinginevyo. Sheria hiyo haitumiki Zanzibar wala haihusiani na viza. Inatajwa hapa kwa sababu hesabu ni ile ile. Huko Bara miaka miwili ni mwavuli wa kumfunika aliyekwisha kuishi na mwenziwe. Kwa Waingereza ilikuwa ukuta.

Tarehe 31 Januari 2024 ukuta huo ulipunguzwa kimo. Sasa inatosha kwamba uhusiano unaofanana na ndoa umedumu miaka miwili, hata kama wapenzi hawakukaa chini ya paa moja. Ni afadhali, hapana shaka. Lakini aliyekosa hati ya pango na bili ya umeme yenye majina mawili atathibitisha kwa nini? Atathibitisha kwa picha, kwa tiketi za ndege, kwa stakabadhi za fedha alizotumiwa, kwa orodha ya simu zilizopigwa usiku, na kwa jumbe za mapenzi zilizochapwa karatasini na kufungwa katika jalada. Barua ya mpenzi imekuwa kielelezo.

Hapo ndipo msomaji wa tungo za pwani anapopaswa kushtuka. Mapenzi ya watu wa visiwa hivi hayakuzoea kusema waziwazi. Mpendwa huitwa njiwa, huitwa ua, huitwa lulu, huitwa chombo kilichochelewa kutia nanga. Jina lake halitajwi, na malenga husifiwa kwa namna alivyolisitiri. Kanga husema lile ambalo kinywa kimeona haya kulisema. Taarabu nzima imesimama juu ya neno linalosikiwa na wote na kufahamiwa na mmoja. Karani wa viza hana sikio la fumbo, wala hakuajiriwa kuwa nalo. Yeye ataka jina kamili, tarehe, na uthibitisho kwamba njiwa huyo ana pasipoti. Matokeo yake ni kwamba aliyelelewa kwa haya, asiyepiga picha za mahaba na asiyeandika chochote ambacho mama yake asingependa kukisoma, ndiye mwenye jalada jembamba kuliko wote. Adabu yake inahesabiwa kuwa upungufu wa ushahidi.

Wala tamaa hii ya dola ya kuchungulia haikuanza na simu za mkononi. Mwezi Januari 1979, katika uwanja wa ndege wa Heathrow, mwalimu mmoja wa Kihindi aliyefika kuolewa alipimwa mwili na daktari ili ijulikane kama ni bikira, kwa kuwa maafisa walishuku kwamba ni mke anayejifanya mchumba. Wakati huo mchumba aliweza kuingia bila viza, mke hakuweza. Kipimo hicho kilipigwa marufuku baada ya habari kufichuka gazetini. Fedheha ya leo ni ya karatasi, si ya mwili, na haiwezi kulinganishwa na ile. Ila swali linaloulizwa ni lile lile, na anayeulizwa ni yule yule, mtu wa kutoka mbali.

Wako watakaosema, na hasa hapa kwetu: basi na waoane, maneno yaishe. Wenye kusema hivyo wadhani ndoa ni ufunguo. Kiwango cha kipato ambacho raia huyo hutakiwa kuonyesha, kilichowekwa mwaka 2012 kuwa pauni 18,600 kwa mwaka, kilipandishwa tarehe 11 Aprili 2024 kufikia pauni 29,000, na kinawahusu waliooana na wasiooana sawasawa. Viza ya uchumba nayo ni ya miezi sita, harusi ifungwe ndani yake, na mchumba haruhusiwi kufanya kazi. Marekani hawamtambui kabisa mpenzi asiye na ndoa: yupo mke, yupo mume, na yupo mchumba wa viza ya K-1, ambaye akishaingia ana siku 90 tu za kuoa au kuolewa. Siku 90! Katika nyumba nyingi za pwani, muda huo hautoshi hata mshenga kwenda na kurudi na jawabu la posa. Anayeiheshimu ndoa na amwambie msomaji ni heshima gani hiyo, watu kuharakishwa kuifunga kwa sababu muhuri unakaribia kumalizika muda wake.

Hoja ya ulaghai ni ya kweli. Ndoa za karatasi zipo na zinauzwa. Lakini mlaghai ndiye hodari wa kupanga jalada. Picha anazo, tiketi anazo, jumbe kaziandika akijua nani atazisoma. Denmark ililitambua hilo mwaka 2020, zama za korona. Ilipofungua mipaka kwa wapenzi, wa nchi jirani kwanza, ilidai picha na jumbe. Watu wakapiga kelele, na serikali ikaridhika na tamko la maandishi lililotiwa saini. Kinachozuia tamko kama hilo, lenye adhabu kwa mwongo, kutumika kwa viza ya kumtembelea mpenzi ni dhana kwamba neno la Mdenmark na jirani yake ni ahadi, na neno la mtu wa Unguja ni hila.

Dodoma nako kuna la kuulizwa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania haipati, hata wakijaaliwa watoto na wajukuu.