Kinga ikilia "ka", fundi alipwe kwa kutafuta kabla ya kubadilisha

Opala – Kila siku ya soko, mbele ya banda la fundi wa kinga, kuna mtu anayeshika usukani na kusema maneno yale yale: "Papa fundi, kinga inalia." Fundi anainua gurudumu la nyuma, anazungusha pedali mara mbili, anatikisa kichwa na kutoa hukumu: ekseli ya pedali imekufa. Mteja anatafuta pesa, ekseli inabadilishwa. Kabla hajafika mwisho wa mji, sauti imerudi: ka, ka, ka.

Mchezo huu unakula pesa za watu wa Opala, na lawama si ya mafundi peke yao. Mteja amezoea kulipia kipande cha chuma anachokiona kwa macho. Kutafuta sauti inakotoka, kwake si kazi, ni maneno tu. Maadamu hali ni hiyo, fundi ataendelea kuuza vyuma, kwa sababu vyuma ndivyo vinavyolisha watoto wake.

Mtu wa Kinshasa anaweza kucheka kwamba "ka, ka" ya baiskeli imeandikiwa makala nzima. Aje aone barabara. Kutoka Opala hadi Kisangani ni karibu kilomita 150 ukinyoosha kamba juu ya ramani, na barabara yenyewe haikunyooka hata kidogo. Gari linapopita, watoto wanakimbia kulitazama. Mchele, mahindi, mihogo na mafuta ya mawese hutoka vijijini kwa pikipiki, kwa mtumbwi unaoteremka mto Lomami mpaka Isangi, na kwa kinga. Mchuuzi mwenye mabidoni matano ya lita 25 anasukuma zaidi ya kilo mia moja za mafuta, bado kinga yenyewe, bado chakula chake cha njiani. Chuma kikikatika katikati ya msitu, kati ya kijiji na kijiji, mafuta yanamwagika na deni linabaki.

Kisangani nako wanajua uzito wa jambo hili. Wakati wa vita, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mafuta ya magari yalipokuwa adimu, mji ulibebwa na toleka, zile kinga za kubeba abiria nyuma. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini mzee aliyewahi kuwa mtolekisti atakwambia kwamba kinga iliyoanza kulia ina jambo la kusema. Shida ni kujua inasema nini.

Na hapo ndipo masikio yanadanganya. Fremu ya baiskeli ni mabomba matupu yaliyounganishwa. Sauti inayozaliwa kwenye kiti inateremka kwenye bomba na kutokea karibu na pedali. Sauti ya gurudumu la nyuma inapanda hadi chini ya miguu ya mwendeshaji. Kwa kuwa miguu ndiyo inayofanya kazi, kila mtu anasadiki kwamba kelele iko hapo. Ndiyo maana ekseli ya pedali inashitakiwa kwa makosa ya jirani zake wote.

Fundi mwenye akili hafuati sikio kwanza. Anahesabu. Sauti ikija mara moja kila pedali inapozunguka, na ikinyamaza mguu ukisimama, basi iko upande wa pedali: pedali yenyewe, mkono wake, ekseli yake. Ikija hata kinga inaposukumwa bila kukanyaga, na kwa mpigo wa gurudumu, pedali hazina hatia. Atafute kwenye spoki, kwenye rimu, kwenye ekseli ya gurudumu, au atoe kijiti kilichonasa. Mnyororo una hesabu yake. Una pingili zaidi ya mia moja, na gurudumu la meno la mbele kwa kawaida lina meno arobaini na kitu, kwa hiyo pingili moja iliyokakamaa inarudi mahali pale pale baada ya pedali kuzunguka mara mbili na zaidi. Anayetaka kuhakikisha afunge uzi mwekundu kwenye pingili moja kisha aangalie uzi uko wapi sauti inapotoka. Uzi huo hauna bei.

Baada ya hesabu kuna kukaa na kusimama. Sauti ikiondoka mwendeshaji anaponyanyuka kwenye kiti, kosa liko kwenye kiti au kwenye bomba lake, basi. Ikija tu anapovuta usukani kupanda mlima, iangaliwe shingo ya usukani. Ikija tu wakati kuna mzigo, fundi anayeijaribu kinga tupu mbele ya banda anapoteza muda wake na wa mteja. Afungiwe bidoni mbili, apande. Wengi hawafanyi hivyo, na hili ni kosa lao, si la mteja.

Kuna sauti moja isiyotakiwa kuguswa. Mwendeshaji anapoacha kukanyaga na kinga inateleza yenyewe, gurudumu la meno la nyuma linalia tik-tik-tik-tik. Ndani yake kuna vijino vya chuma vinavyosukumwa na springi ndogo, vinarukia meno. Hiyo ni afya. Vijino vikigandishwa na grisi nzito au matope, sauti inapotea, na siku moja pedali zinazunguka bure wakati kinga haiendi. Kijana anayejaza grisi humo ili "kinga inyamaze kama ya mzungu" anajitafutia safari ya miguu.

Na mafuta ya mawese? Yanapakwa kwenye mnyororo kwa sababu yako jikoni. Yananyamazisha kinga kwa siku moja au mbili, halafu yanashika mchanga, yanaganda, na mchanga unasaga pingili. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba yanaficha sauti bila kuondoa sababu yake.

Sasa zimeingia VTT za mitumba, zenye gia nyingi na matairi mapana. Vijana na walimu wanazipenda kwa sababu ya matope. Mwalimu mmoja wa hapa alinunua ya kwake Kisangani, na baada ya majuma machache ikaanza kulia kila mguu wa kulia unapokanyaga. Fundi wa kwanza alibadilisha ekseli ya pedali. Sauti ikabaki. Wa pili akabadilisha pedali zote mbili, akisema za zamani zilikuwa za plastiki. Sauti ikabaki. Mnyororo mpya ulifuata. Kwa pesa alizotoa angeweza kununua debe zima la mchele na bado kinga ililia.

Fundi wa tatu, mtu mzima asiye na haraka, hakufungua kitu. Alimwuliza: "Mwalimu, inalia ukisimama? Inalia ukiteleza? Inalia ukitumia gia ndogo?" Akamwomba aendeshe mbele yake, akainama kando ya barabara na kusikiliza inapita. Halafu akafungua gurudumu la nyuma, akafuta kwa kitambaa udongo mkavu uliojikusanya pale ekseli inaposhikwa na fremu, akapaka grisi kidogo sana, akalirudisha gurudumu na kulikaza sawasawa. Kinga ikanyamaza. Kila mguu wa kulia ulipokanyaga, mnyororo ulivuta gurudumu la nyuma, na ekseli iliyolegea kidogo ikasogea juu ya udongo ule. Sauti ilitoka pale, ikasikika miguuni.

Mwalimu aliuliza bei. Fundi alitaja kiasi kidogo, na watu waliosimama pale wakapiga kelele: "Kwa kufuta udongo tu?" Hakuna aliyepiga kelele wakati wa ekseli, wa pedali, wala wa mnyororo.

Kelele hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Fundi wa tatu aliokoa pesa kuliko wale wawili, na ndiye pekee aliyeonwa mwizi. Kesho akiletewa kinga nyingine inayolia, kwa nini atumie nusu saa kusikiliza? Atatoa hukumu kama wenzake: ekseli imekufa.

Mafundi nao wana maneno ya kujitetea, na mengine ni ya kweli. Wanasema mteja anakuja na hukumu yake tayari: "Nibadilishie mnyororo." Wanasema vyuma vinavyofika sokoni ni dhaifu kiasi kwamba kubadilisha si uongo, kweli vinakufa mapema. Wanasema mteja akiambiwa aache kinga mpaka jioni anaondoka kwenda kwa mwingine. Yote hayo yapo. Lakini hakuna linalomzuia fundi kumwambia mteja mwanzoni: kutafuta ni bei hii, kutengeneza tutasema nikishaona. Daktari anapokewa hivyo, na fundi wa redio anapokewa hivyo. Na chuma cha zamani kirudishwe mkononi mwa mwenyewe, akione kama kweli kimekufa.

Kwa sababu kuna "ka" inayoua. Kwenye zile kinga nzito za chuma zinazotoka India na China, mkono wa pedali unashikwa na klaveti, kipande kidogo chenye ubavu uliochongwa mshazari. Ikilegea, mguu unasikia mrusho mdogo kila unapokanyaga. Wengi wanakaza nati yake kwa nguvu zote, na nyuzi zinakatika, maana nati haikuwekwa kuvuta klaveti. Klaveti hupigwa kwa nyundo huku mkono umeegemezwa juu ya chuma kizito upande wa pili, kisha nati inakazwa kuishikilia. Kwenye VTT nyingi mkono ni wa aluminiamu wenye tundu la pembe nne na bolti moja. Bolti ikilegea na mtu akaendelea kukanyaga siku mbili tatu, tundu linapanuka na mkono huo hautashika tena kamwe. Kukaza mapema ni dakika moja ya ufunguo.

Kuna mbaya kuliko hiyo. Fremu au uma wa mbele unaopasuka huanza na sauti ndogo, kavu, inayokuja tu kwenye mashimo au wakati wa mzigo. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele, umejificha chini ya matope na rangi, pale mabomba yanapoungana. Mara nyingi kinachouonyesha ni mstari wa kutu au vumbi ambao haufutiki. Fundi aliyezoea kuanza na ekseli hataoshea kinga maji ili autafute. Atabadilisha ekseli, atapokea pesa, na mchuuzi ataondoka na mabidoni yake kuelekea mteremko.

Kwa hiyo mteja asiyetaka kulipia nusu saa ya kusikiliza ajue ananunua nini. Na wenye kinga za biashara, wale wanaokodisha kinga mbili tatu kwa vijana na kupokea malipo jioni, wangeweza kuanza wao: wakubaliane na fundi mmoja bei ya kutafuta, kinga ioshwe kabla ya kuguswa, ijaribiwe ikiwa na mzigo wake, na malipo yatoke baada ya jaribio. Kijana anayesukuma hana sauti ya kudai hayo. Akisema kinga inalia, mara nyingi anajibiwa kwamba yeye ni mvivu, asukume tu.