Biashara ya "Hadi"

Kijana alinikuta barazani baada ya Alasiri, fulana ya kampuni mwilini na karatasi za rangi mkononi. Akanitolea salamu kwa adabu, akakaa, akaniuliza natumia intaneti ya kasi gani. Nikamwambia megabiti 20. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyechelewa kwenda hospitali. "Mzee wangu, watu siku hizi wako kwenye 500," akasema. "Hizo 20 zimepitwa na wakati."

Naona haya kusema, lakini nilikubali. Malipo yangu ya mwezi yakapanda mara nne. Na usiku uleule, mke wangu akiwa chumba cha juu anazungumza na dada yake aliye Muscat, uso wa shemeji ukaganda kiooni mdomo wazi, kama ulivyokuwa ukiganda siku zote. Hapo ndipo hasira iliponianza, na haya ninayoyaandika yametokana na hasira hiyo.

Msomaji asinidhanie kuwa mimi ni adui wa mambo mapya. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa, nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Tulikuwa tumechoka na intaneti ya kupiga simu, ile iliyolia kama paka aliyekanyagwa mkia kisha ikakatika mtu akiinua mkono wa simu. Mwaka huohuo Charles Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, kwa kazi aliyoianza miaka ya 1960, ya kuonyesha kwamba kioo kikitakaswa vizuri kinaweza kubeba mwanga masafa marefu. Unyuzi mwembamba kama unywele, na ndani yake mnapita sauti za watu! Sina ugomvi na kioo. Ugomvi wangu ni na wanaokiuza.

Siku ya pili nilimwita mpwa wangu, ambaye ni fundi wa nyaya. Alichomeka kompyuta yangu moja kwa moja kwenye rauta, akapima, akapata karibu 100. Nikauliza, nyingine 400 zimekwenda wapi? Akacheka. "Mjomba, tundu la kompyuta hii halipitishi zaidi ya 100. Hata wakikupa 1,000, utaona 100." Kisha akapanda juu na simu yake, akapima chumbani kwa shangazi yake. Akapata 6.

Nyumba yetu ni ya Mji wa Kale. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake ni kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Wazee walijenga hivyo ili joto lisiingie, na ukuta uliozuia jua la Kaskazi hauoni tabu kuzuia waifai. Mpwa wangu alinieleza kwamba rauta ina mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 5, yenye kasi lakini manyonge mbele ya ukuta, na ya 2.4, yanayopenya zaidi lakini yenye mwendo mdogo. Na yetu mafundi wa kampuni walikuwa wameifunga chini, nyuma ya jokofu, kwa sababu ndipo waya wao ulipoishia. Alipitisha waya mmoja kwenye ngazi, akafunga kituo kidogo orofa ya juu. Gharama yake haikufika nyongeza niliyolipa kwa mwezi mmoja. Shemeji wa Muscat hajaganda tena.

Sasa nauliza: yule kijana hakulijua hili? Pengine hakulijua, naye ni mtoto wa watu, anatafuta riziki kwa kamisheni. Lakini waliomtuma wanalijua. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nyumba yangu ina kuta gani, rauta iko wapi, tuko watu wangapi. Tuko watatu. Netflix wenyewe huwaambia wateja wao kwamba picha safi kabisa, ile ya 4K, inataka megabiti 15. Mazungumzo ya video yanataka chache tu. Mtu aliyeniuliza angeona kwamba 20 zangu zilinitosha, tatizo lilikuwa nyuma ya jokofu.

Na lichunguzeni neno lililoandikwa kwa herufi ndogo mbele ya tarakimu kubwa: "hadi". Kasi hadi 500. Nikienda dukani nikataka sukari, muuzaji akanipimia robo akaniambia nimelipia "hadi kilo mbili", tutaitana wezi na watu watajaa. Dukani kuna mizani, na mizani ina mkaguzi wa serikali. Kwenye intaneti mizani ni ya muuzaji, na neno "hadi" ndilo jiwe lake la kupimia. Tena anahesabu kwa biti, ilhali kompyuta ikipakua faili huonyesha kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo mteja aliyenunua 500, hata mambo yakienda sawa kabisa, ataona 62 na kitu, naye atadhani amekosea yeye.

Waya wenyewe ni wa shirika. Unyuzi mmoja unaotoka kituoni hugawanywa kwa nyumba 32, pengine 64, na katika mitambo ya kawaida iitwayo GPON hubeba kama gigabiti 2.5 za kupakua kwa wote. Wauzieni watu 32 megabiti 500 kila mmoja, mjumlishe. Inafika gigabiti 16. Wanategemea kwamba hatutafungua bomba sote kwa pamoja. Sisemi huo ni wizi, maji na umeme navyo hugawanywa hivyo. Nasema tuambiwe saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa macho, mteja hatapata chini ya ngapi. Tarakimu hiyo ndiyo ningeilipia.

Wapo wanaostahili kasi kubwa. Binti wa jirani yangu anatengeneza video za harusi na kuzituma kwa wateja wa nje, na kwake kila megabiti ni saa ya usingizi. Lakini yeye shida yake ni kupakia, si kupakua. Sisi watu wa bandari tunaijua tofauti hiyo tangu utotoni, ila karatasi za rangi zinatangaza shehena inayoshuka tu.

Kisha kuna mambo ambayo hakuna kifurushi kinachoyanunua. Mwanga ndani ya kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa mpaka London kwa njia ya Bahari ya Shamu ni karibu kilomita 9,000 za kebo. Kwenda na kurudi ni karibu moja ya kumi ya sekunde, kwa tajiri na kwa maskini. Na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, jirani yangu wa gigabiti 1 alitoka nje, akaja kukaa barazani kwangu tukanywa kahawa chungu.

Nisingeandika yote haya kwa ajili ya mfuko wangu peke yake. Shangazi yangu anakaa mtaa mwingine, ng'ambo ya kivuko. Nguzo ya kampuni hiyohiyo imeishia nyumba ya nne kabla ya kwake. Ameomba miaka mitatu. Mjukuu wake yuko sekondari, na kazi za shule anazifanya kwa bando la shilingi 20, likiisha anasimama dirishani kwa jirani kuomba. Kwake hajafika kijana yeyote mwenye fulana. Kwangu wamekuja mara tatu.

Nimerudi kwenye 20. Mara ya tatu alikuja yuleyule kijana, sasa akiuza "hadi 1,000". Nilimkaribisha kahawa, nikamwandikia jina la shangazi, mtaa, na namba ya nguzo ya mwisho. Nikamwambia nitapanda siku waya utakapofika pale. Alisoma, akakunja kile kikaratasi akakitia mfukoni, kisha akaenda kubisha nyumba ya pili.