Vijana Wetu si Kasuku wa Mgeni Rasmi

Katika mikusanyiko ya shule zetu pana desturi moja iliyozoeleka mno hata hakuna tena anayeihoji. Mgeni rasmi akishaketi penye kivuli, mshereheshaji hutangaza kwamba sasa ni zamu ya vijana. Hutoka wanafunzi kumi au kumi na wawili, sare zimepigwa pasi, wakajipanga nusu duara na kuanza kughani. Jina la mgeni limechomekwa katika ubeti wa kwanza, na mshororo umezidi mizani mbili kwa sababu hiyo, lakini nani ana haja ya kuhesabu? Mwaka jana palikaa jina jingine mahali pale pale. Beti ni zile zile. Mgeni huinuka, huwatunza noti, makofi hupigwa. Fasihi ya vijana imekwisha kwa mwaka huo.

Beti hizo aghalabu hutungwa na mwalimu, naye si wa kulaumiwa peke yake. Ameagizwa siku chache kabla ya sherehe, ameambiwa mambo ya kutaja na mambo ya kutotaja, naye ana madaftari mia mbili ya kusahihisha. Hutunga kama mtu alipaye deni. Wanafunzi nao hukariri kama walipao deni la mtu mwingine.

Nasema kwamba hilo si tamasha la fasihi. Ni halaiki ya maneno. Kijana wa miaka kumi na mitano au kumi na saba yumo katika umri wa kuuliza: kwa nini baba aliuza ng'ombe yule, kwa nini dada aliacha shule, kwa nini mvua ilikatika Februari. Tamasha linalomhusu halina budi kumpa nafasi ya kuandika neno lake mwenyewe, kulisema mbele ya watu, na kujibiwa. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote. Neno lisilojibiwa hata likipigiwa makofi limepuuzwa.

Wako watakaosema kwamba ninaidharau ngonjera, ambayo ni urithi wetu. La hasha. Ni wao wasioikumbuka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wausaidie umma kuielewa siasa ile mpya. Miongoni mwa walioitikia alikuwa hayati Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, jirani yetu hapa katikati ya nchi. Aliuchukua ushairi wa arudhi, akautia katika vinywa vya watu wanaobishana: mmoja hajui au hakubali, mwingine anamweleza, hadi wapatane. Mnyampala alifariki mwaka 1969. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, na shule nchi nzima zikaupokea mtindo huo. Ulikuwa na dosari tangu kuzaliwa kwake, yaani mwisho wa ubishi ulijulikana kabla ya ubishi kuanza. Hata hivyo palikuwapo mbishi, na mbishi huyo aliruhusiwa kusema shaka yake kwa sauti kubwa. Ngonjera ya mgeni rasmi imemfukuza mbishi jukwaani. Wote kumi na wawili wanakubaliana tangu kituo cha kwanza, na wanachokubaliana ni kwamba mgeni amefanya vyema kufika.

Nyuma ya ngonjera pana jadi iliyo kali zaidi. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, washairi walitupiana hoja na mafumbo wakajibizana kwa vina. Na kabla ya gazeti lolote palikuwa na kitendawili. Mtoto wa miaka minane akimtegea babu yake, na babu akishindwa, babu hana budi kutoa mji. Hapo hapana cheo. Mzee mwenye mifugo mia hutoa mji kwa mjukuu asiye na hata kuku, kisha mjukuu huufumbua huku anacheka. Ingefaa tuulizane ni lini mara ya mwisho mgeni rasmi alitoa mji.

Nduguti ninaitaja kwa makusudi. Ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, wilaya changa iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, nchi ya alizeti, mtama na uwele. Tamasha la fasihi likitajwa, mawazo ya wengi hukimbilia Dar es Salaam, Bagamoyo au Zanzibar, kana kwamba hadithi huota penye upepo wa bahari tu. Lakini ni wilaya ngapi zenye utajiri wa lugha kama Mkalama? Wapo Wanyiramba na Wanyisanzu, ambao ni Wabantu, wapo Wataturu wafugaji, wenye lugha ya Kiniloti, wamehamia Wasukuma, na kule Munguli wapo Wahadzabe, ambao lugha yao yenye vidoko wataalamu wameshindwa kuihusisha kwa hakika na lugha nyingine yoyote duniani. Watoto wa jamii hizi huketi katika darasa moja la kidato cha kwanza. Kila mmoja ameacha nyumbani ngano ambazo mwenzake wa dawati moja hajapata kuzisikia.

Kuna aliyezitamani ngano hizo kabla yetu. Miaka ya 1930 daktari na mpelelezi wa Kijerumani, Ludwig Kohl-Larsen, alizunguka nchi hii ya Ziwa Eyasi na kandokando yake, akaandika mamia ya kurasa za masimulizi ya wenyeji. Mwaka 1956 ngano za Wahadzabe alizokusanya zilichapishwa Ujerumani, kwa Kijerumani. Kwa hiyo mtoto wa Kijerumani aliweza kulala akisomewa masimulizi yaliyotoka vinywani mwa wazee wa huku, na mwanafunzi wa Nduguti, mjukuu au kitukuu wa wasimulizi wale, hawezi kuyasoma asipojifunza Kijerumani kwanza. Simlaumu Kohl-Larsen kwa kuandika. Nalaumu miaka yote iliyofuata, ambamo sisi wenye bibi hai tuliwafundisha wajukuu wao kughani sifa za wageni.

Wakati huo huo wanafunzi hao wanatakiwa kuijua fasihi kwa ajili ya mtihani. Kwa miaka mingi vidato vya tatu na vya nne vimesoma Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Ngoswe, Wasakatonge. Ni vitabu vyema, na sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni kwamba kijana anaweza kueleza fani na maudhui ya vitabu hivyo vyote, akataja wahusika, mandhari na tamathali za usemi, akafaulu, wala asiwe ametunga hadithi ya kurasa tatu tangu azaliwe. Ni kama fundi seremala ajuaye majina ya vyombo vyote ambaye hajapata kuranda ubao.

Tazama michezo. Msichana wa Nduguti mwenye mbio ana ngazi ya kupanda: shule, kata, wilaya, mkoa, kisha UMISSETA taifa. Katika kila kidato cha ngazi hiyo yuko mtu mwenye saa mkononi na hukumu isiyojali baba yake ni nani. Msichana mwenye kalamu ana nini? Yako mashindano ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya SADC, lakini mada hutoka ofisini, insha huenda mbali, na asiyeshinda hapati neno hata moja la kumwambia alipokosea. Iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Ni hatua ya kujivunia, ila kijana wa sekondari hushindana humo na watu waliokwisha kukomaa kalamu. Hata Liti, mwanamke wa Kinyaturu asimuliwaye kuwa aliwatumia nyuki kupigana na Wajerumani, jina lake limepewa uwanja wa mpira Singida mjini. Nani amewaomba wanafunzi wa Singida wamtungie mchezo wa kuigiza?

Sasa nisikie pingamizi. La kwanza ni fedha, nalo ni jepesi. Turubai, viti vya kukodi, maji ya chupa na chakula cha msafara wa mgeni vina gharama, na gharama hiyo hupatikana kila mwaka. Bwalo la shule lipo. Madaftari yapo.

La pili ndilo zito, na husemwa kwa sauti ya chini: vijana wakiachiwa, watasema yasiyofaa. Lakini kila tarehe 16 Juni, tangu mwaka 1991, tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, na siku hiyo msingi wake ni wanafunzi wa Soweto waliotoka barabarani mwaka 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu, wakapigwa risasi. Walikuwa na umri wa wanafunzi wetu. Walisema yasiyofaa. Inawezekanaje tuwakumbuke vijana wale kwa kuwavalisha wa leo sare na kuwakaririsha shukrani?

Majirani zetu wa Kenya wana tamasha la maigizo ya shule tangu mwaka 1959, linalopanda ngazi kama michezo yetu, na wamelipa gharama yake. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru na mchezo wa Echoes of War baada ya mvutano uliofika Mahakama Kuu. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Polisi walitumia mabomu ya machozi. Wengi waliliona hilo kuwa ni onyo la kutowapa vijana jukwaa. Mimi naona jambo jingine. Mchezo ule uliandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta. Wakubwa waligombana na mkubwa mwenzao kupitia vinywa vya wasichana. Hata pale palipowaka moto, kalamu haikuwa mkononi mwa kijana.

Basi Nduguti ianze kwa udogo wake. Alizeti ikishavunwa, shule za sekondari za wilaya zikutane siku mbili. Mwalimu asiandike hata mshororo mmoja. Kazi yake iwe kuuliza, kusahihisha na kunyamaza. Siku ya kwanza wasikilizwe mabibi na mababu, kila mmoja kwa lugha yake, Kihadzabe kikiwamo, na wanafunzi waandike kwa Kiswahili walichosikia, huku yule anayeijua lugha akimfafanulia asiyeijua. Siku ya pili wasome walichotunga wenyewe, na kila aliyesoma ajibiwe na mwanafunzi wa shule nyingine, kwa nathari au kwa shairi. Waamuzi watoe sababu zao hadharani, waulizwe, wazitetee. Yatakayopendeza na yatakayobishaniwa yapigwe chapa pamoja katika kijitabu kimoja, nakala ziwekwe katika kila maktaba ya shule Mkalama, na vidato vya mwaka unaofuata wavisome kabla ya kushika kalamu. Mgeni rasmi naye akaribishwe. Aketi miongoni mwa wazazi, atoe kitendawili kimoja, ategewe kimoja, na akishindwa atoe mji.